Tusiwaambie wenye magoti mabovu wakae chini

Mhariri,

Mwaka juzi mama yangu, akiwa na miaka 69, alitoka hospitali moja hapa mkoani Kilimanjaro na vidonge vya maumivu na agizo moja: apumzike. Aliambiwa magoti yamesagika, ute umekwisha, asipande mlima tena. Kwetu ni Old Moshi. Ukimkataza mtu wa huko kupanda mlima, umemfungia kihambani, shamba la nyumbani.

Mama alitii. Kukata majani ya ng'ombe tukamwachia kijana wa jirani, na jumuiya ikawa inamfuata nyumbani. Miezi minane baadaye mapaja yalikuwa yamekonda, mwili wa juu umenenepa, na maumivu yako palepale. Hata kunyanyuka kitini alihitaji kushikwa mkono. Huo ndio mwezi nilioanza kuogopa.

Tuliulizauliza mpaka tukampata mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Alimkagua magoti kwa utulivu, kisha akasema, "Bibi, goti halijafa. Misuli inayolibeba ndiyo imelala." Akampa mambo matatu ya kufanya: kuketi na kusimama kwenye kiti bila kujishika, kunyoosha mguu akiwa ameketi na kuushikilia hewani, kupanda na kushuka kidaraja kimoja cha mlangoni. Alimwandikia mara ngapi na siku zipi, akamwita tena baada ya wiki mbili ili aongeze.

Naandika kwa sababu majirani wanaendelea kurudi hospitali na lile agizo la kupumzika. Gegedu, ile nyama ngumu yenye uso laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Inalishwa na ute wa ndani ya goti, na ute huo huingia na kutoka pale goti linapokunjwa na kubebeshwa uzito. Misuli ya mbele ya paja nayo ndiyo inayopokea kishindo cha kila hatua. Ukikaa miezi bila kutembea, vyote viwili unavinyima kazi. Halafu kuna picha ya eksirei, inayosomwa kama hukumu ya mahakama. Wapo wenye picha mbaya wanaotembea vizuri, na wapo wenye picha nzuri wanaolia usiku.

Lakini sitaki mtu aahidiwe miujiza, maana akiahidiwa kupona ataacha wiki ya tatu. Mwaka 2024 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kuchambua majaribio ya tiba, ulitoa uchambuzi wa majaribio 139 ya mazoezi kwa watu wenye tatizo hili la magoti kusagika, washiriki zaidi ya 12,000. Maumivu yakipimwa kwa kipimo cha 0 hadi 100, waliofanya mazoezi walipata nafuu ya takribani pointi 13 kuliko wasiopewa tiba yoyote, na takribani 9 kuliko waliopewa tiba ya kuigiza, isiyo tiba halisi. Wachambuzi wenyewe walisema wazi kwamba kwa baadhi ya wagonjwa nafuu hiyo inaweza isitoshe. Uchambuzi wao wa mwaka 2015 ulikuwa umeonyesha jambo jingine: nafuu iliyokuwa pointi 12 mara baada ya kipindi cha mazoezi ilibaki 6 tu miezi michache baadaye.

Kwangu mimi hizo si namba za kukatisha tamaa. Nafuu ndogo kama hiyo ndiyo iliyomwezesha mama kwenda chooni usiku bila kuniamsha. Vidonge alivyokuwa akimeza kila siku vinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, hasa kwa wazee wenye presha. Na sindano za goti, ambazo watu wanauza hata mbuzi ili wachomwe? Jaribio lililofanyika Marekani kwa wagonjwa 156, matokeo yakatolewa 2020, lilikuta kwamba baada ya mwaka mmoja waliopewa fiziotherapia walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliochomwa sindano za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe.

Wengi hukimbia mwanzoni, kwa sababu siku za kwanza goti huuma zaidi. Mama naye alitaka kuacha. Hapo ndipo mgonjwa anapomhitaji mtu wa kumwambia apunguze idadi badala ya kuacha kabisa. (Goti lililovimba ghafla, likawa la moto, au likaja na homa, hilo ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.)

Sasa ombi langu kwa madaktari wetu. Andikeni mazoezi kwenye cheti kama mnavyoandika dawa, idadi na siku, na mtupeleke kwa fiziotherapia kabla ya kutukatia tamaa. Hapa Moshi hatuna kisingizio: hospitali ya rufaa ya KCMC wamekuwa wakifundisha wataalamu hao kwa miaka mingi. Huko Denmaki tangu 2013 wana mpango wa masomo mawili na vipindi 12 vya mazoezi ya pamoja, mara mbili kwa wiki. Sisi tuna jumuiya zinazokutana kila wiki, tuna vikoba, tuna viti vya plastiki. Mtaalamu mmoja akipanda Old Moshi au Kibosho mara kwa mara, akafundisha kinamama kumi na kurudi kuwakagua, amefanya kazi ambayo vidonge havijaifanya.

Mama sasa ana miaka 71. Mazoezi anafanya asubuhi, kabla ya chai. Goti la kushoto bado linamsumbua kwenye mteremko, kwa hiyo siku ya soko la Kiboriloni hushuka kwa bodaboda. Kurudi juu anapanda kwa miguu, akipumzika mara mbili njiani.

Binti wa Old Moshi,
Moshi, Kilimanjaro