Mhariri, hizo grafu za bei ya mafuta zisimamishieni mstari

Mhariri, habari za kazi. Mimi msomaji wako wa huku Ngamiani, Tanga, nachapa ripoti za watu steshenari kwa hiyo na grafu nashinda nazo. Mkituwekea grafu ya bei ya petroli basi simamisheni na mstari kwenye tarehe ambayo kitu kilibadilika, maana saivi mnatupa kamlima kanapanda kanashuka halafu msomaji akisie mwenyewe. Ewura, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga tuna bei yetu kwa sababu kuna mafuta yanashushwa hapahapa bandarini, sasa bodaboda, au mwenye boti ya mashine pale Deep Sea, anataka kuona ruzuku ilianza lini na baada ya hapo bei ikafanyaje. Ile ruzuku ya serikali ya shilingi bilioni 100 ilianza Juni 1, 2022. Wekeni mstari hapo, na mwingine Februari 24 mwaka huohuo Urusi ilipoingia Ukraine, basi, mkizidisha inakuwa uzio.

Ila jamani msichukue ule mstari wa kuchora kwenye maumbo (Shapes) mkauburuta kwa mausi! Leo unakaa sawa, mwezi ujao mkiongeza bei mpya grafu inajibana na mstari wenu umeganda palepale, unaangukia mwezi mwingine kabisa na hakuna anayeshtuka. Utoke kwenye data. Grafu iwe ya skata (Scatter) yenye mistari, yenyewe inasoma tarehe kama namba (Juni 1, 2022 kwenye Excel ni 44713 tu), halafu pembeni ya jedwali andikeni hiyo tarehe mara mbili, juu na chini, mbele ya ya kwanza 0, mbele ya ya pili 4000, mnaiongeza kwenye grafu kama siriz mpya, yaani safu nyingine ya data, mnatoa vidoti, kwisha. Kipimo cha bei, ule mhimili wa wima, kifungeni kiishie 4000 hiyohiyo, la sivyo programu inaweza kujiongezea nafasi juu na mstari ukaonekana umekatika. LibreOffice ya bure nayo inafanya hivyohivyo, msiseme hakuna bajeti.

Na pembeni ya mstari andikeni "ruzuku yaanza", sio "ruzuku yashusha bei", maana bei ya dunia nayo ilikuwa inacheza miezi hiyohiyo.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga