Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: wale 45 wa Uwanja wa Uhuru majina yao yako wapi?

Mheshimiwa, shikamoo.

Naanza na shikamoo maana nimelelewa, na pia maana nikianza na yaliyoko moyoni utaacha kusoma hapo hapo. Jina lako sitaji wala cheo chako sitaji, mwenyewe unajijua, ni wewe mwenye dhamana ya hizi shughuli za kuwaaga na kuwaenzi viongozi wetu wakishatangulia mbele za haki. Najua una mambo mengi, ila na mimi nimekaa kimya muda mrefu na kwakweli nimechoka.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Wiki iliyopita kijana mmoja alipita hapa gengeni kwangu na daftari anachangisha, eti kuna bonanza la kumuenzi Hayati Magufuli, kutakuwa na jogging asubuhi, mpira, halafu na fulana zenye picha yake. Mchango elfu tano, sisi wa genge na mama lishe tumepunguziwa tunatoa elfu tatu, ahsanteni sana. Nikamwambia sawa mwanangu nitatoa, kwani na wale 45 mtawaombea siku hiyo? Akaniangalia. "Arobaini na tano gani mama?"

Na hakuwa ananitania Mheshimiwa. Ni kijana wa hapa hapa Temeke, kutoka kwao mpaka Uwanja wa Uhuru anatembea kwa mguu. Nikatoa elfu tatu yangu, akachukua kalamu ya bluu akaandika jina langu vizuri kabisa, la kwanza na la baba, akaweka na tiki. Nikabaki nawaza, yani kwa elfu tatu tu mimi nimeandikwa, na wale 45 waliotoa roho pale uwanjani kwa kukanyagana wakimuaga huyo huyo Magufuli je?

Labda na wewe umesahau, acha nikukumbushe kidogo. Rais alifariki Machi 17, 2021, tukatangaziwa usiku na Mama Samia akiwa bado Makamu wa Rais, wengine tulikuwa tumeshalala tukaamshwa na simu za ndugu. Jumamosi ya tarehe 20 mwili ukaletwa Uhuru, Jumapili tarehe 21 ikawa zamu yetu sisi wananchi wa Dar. Wewe unajua jinsi watu walivyotoka, walikuwa wanatandika khanga barabarani jeneza lipite juu yake, hakuna aliyewatuma na hakuna aliyewalipa. Mimi nilifunga genge, nikavaa nguo nyeusi nikaenda. Sio kwamba nilikuwa mwanachama wa kitu chochote, nilikwenda maana aliwahi kusema wamachinga wasisumbuliwe na mimi kwa kipindi kile nilipumua, basi, nikaona nikamwambie kwaheri.

Nje pale watu walikuwa hawahesabiki. Jua, vumbi, wamama na watoto mgongoni, wazee, wanafunzi, kila mtu anataka aingie na hakuna anayejua foleni inaanzia wapi. Mbele kukatokea msukumo sijui wa nini, wengine wanasema geti lilifunguliwa kidogo likafungwa, wengine wanasema kuna watu walipanda ukuta, mimi sikuona geti wala ukuta, niliona migongo ya watu tu. Pumzi ilikata. Kuna mama mbele yangu alikuwa amenyanyua mtoto juu ya kichwa anapiga kelele mpokeeni, mpokeeni jamani, na mikono ikampokea yule mtoto akawa anapitishwa juu juu kwenda pembeni, mama mwenyewe sikumuona tena. Mimi nilianguka, mguu wa kulia ukakanyagwa mpaka ukavunjika mara mbili. Jeneza sikuliona hata kwa mbali.

Nilivyokuwa wodini ndo nikaanza kusikia habari nusu nusu. Mwisho wa Machi, Rais ameshazikwa Chato tangu tarehe 26, ndo jeshi la polisi likasema waliokufa ni 45, humo ndani kuna watano wa familia moja. Na sababu tukaambiwa kwamba watu walikuwa wengi na wengine hawakuwa na subira wakataka kuingia kwa nguvu. Sawa. Kumbe tulikosa subira. Nakuhakikishia Mheshimiwa hiyo somo tumeielewa, toka 2021 mpaka leo tuna subira ya ajabu.

Mimi si mtaalamu ila mtu yeyote aliyewahi kusimama hata kwenye foleni ya kivuko Kigamboni anajua hapo shida haikuwa subira. Ukiita mji mzima kwenye kiwanja kimoja kwa siku moja, ukaweka askari wengi ndani kulinda wakubwa na wachache nje kupanga watu, nini kitatokea? Nahisi tu, labda sio hivyo, kama sio hivyo si mtuambie sasa. Mimi sijawahi kuona ripoti. Na sio kama kazi yenyewe ni ngeni, nchi hii ina mpaka sheria ya mazishi ya viongozi wa kitaifa ya mwaka 2006. Mwalimu alipofariki Oktoba 1999 aliagwa kwenye uwanja huu huu, kipindi hicho ukiitwa Taifa, nilikuwa darasa la tano mama akanipeleka, nakumbuka tulisimama mpaka miguu ikawaka moto lakini tulisogea, tukapita, tukarudi nyumbani wote wawili.

Sasa nikuambie yaliyonikuta baadae, vumilia kidogo. Nikawekewa antena mguuni, vile vyuma vya nje, miezi mingi. Mtaji wote uliishia kwenye vidonge, bajaji za kwenda kliniki na kodi ya chumba. Genge alichukua mtu mwingine, nikaja kuanza upya na fungu tatu za nyanya na bamia. Mwanangu mkubwa akaacha kozi ya umeme wa magari akaenda kuwa konda ili tule. Mume, aah hayo ya mume tuyaache. Mpaka leo mvua ikitaka kunyesha mguu unanipa taarifa mapema kuliko mamlaka ya hali ya hewa. Kule wodini alikuja mtu mmoja, wa ofisi gani sitasema, kavaa suti na kitambulisho shingoni, akatuandika majina kwenye counter book, namba za simu, ndugu wa karibu, akasema mtapigiwa. Line yangu sijaibadilisha mpaka leo kwa ajili ya ile simu. Wanaonipigia ni wale wa tuma kwenye namba hii.

Lakini Mheshimiwa sikuandika kudai hela. Narudia, sio hela, maana najua mtakimbilia kusema huyu anatafuta fidia. Ningependa kusaidiwa, nani hapendi, ila hilo liweke pembeni.

Nachotaka ni majina. Viongozi wetu mnawapa majina mazuri tu wala siwaonei wivu. Stendi ya Mbezi ni ya Magufuli. Juni 2025 likazinduliwa daraja la Kigongo Busisi kule Mwanza, kilomita tatu juu ya ziwa, nalo ni J.P. Magufuli, na anastahili maana yeye ndo alilianzisha. Ule uwanja mkubwa wa pembeni ya Uhuru, unakumbuka ulivyopata jina? Julai 2020 tunamuaga Mzee Mkapa, Magufuli mwenyewe akiwa kwenye kipaza sauti akasema kuanzia leo uitwe Mkapa. Siku hiyo hiyo! Hakukuwa na kamati, hakukuwa na mchakato, hakukuwa na subirini bajeti. Kwahiyo kumbe jina likitakiwa kuwekwa linawekwa, hata kwa sentensi moja.

Sasa hawa 45 walikufa wakifanya nini? Walikuwa hawaandamani, hawakuwa wanaiba. Walikuwa wanamuaga Rais wao, kwa mwaliko wenu, mlitangaza redioni na kwenye magari ya matangazo njooni mtoe heshima za mwisho. Wakaja, wakatoa. Halafu kila Machi tarehe 17 ikifika naangalia TV nione kama kuna mtu atawataja, nasikia uzalendo, nasikia uchapakazi, nasikia reli na umeme, nakaa mpaka wimbo wa mwisho. Wengine wanasema kuwataja ni kumchafua marehemu. Kumchafua vipi? Yeye alikuwa kwenye jeneza, hakupanga geti. Tena nikiwaza, mtu anayependa wanyonge kama mlivyotuambia angekuwa wa kwanza kuuliza hao watu wamezikwa wapi.

Na msifikiri ni yaliyopita. Oktoba 2025 wenzetu Kenya walipompokea Raila Odinga, mwili umefika uwanja wa Kasarani, risasi na mabomu ya machozi, watu wakafa, kesho yake uwanja wa Nyayo watu wakakanyagana tena wakaumia. Nilikuwa naangalia kwenye simu ya mwanangu nikashindwa, nikamrudishia. Zile kelele nazijua. Na sisi viongozi wetu sio malaika, siku itafika tena, Mungu awape umri mrefu wote, mtatuita tena uwanjani na tutakuja tena maana sisi ndo tulivyo. Mtapanga vipi hayo mageti kama hata wa kwanza hamtaki kuwakumbuka? Mimi nilidhani ungeanzia hapo.

Nilitaka niombe jiwe kubwa pale uwanjani lenye majina yote, sehemu ambayo vijana wa jogging wakipita wanaliona. Halafu nikafikiria nikaona mtaniambia jiwe linahitaji zabuni, mchoro, mgeni rasmi. Basi jiwe liache. Nikasema basi wasomwe kwa sauti siku ya kumbukizi, dakika mbili tatu tu zinatosha, mnatumia zaidi ya hizo kutambua itifaki. Hilo nalo likiwa gumu sawa.

Mtoe orodha. Orodha tu Mheshimiwa, majina 45 kwenye karatasi, mtu na mtaa wake, kwa idhini ya ndugu zao. Hospitali zilizopokea miili zina vitabu, ndugu waliochukua miili walisaini, hakuna cha kutafuta hapo. Mkipata hela ya jiwe mtaweka jiwe. Kwa sasa bandikeni kwenye mbao za matangazo za ofisi za serikali za mitaa, pale pale mnapobandika majina ya wapiga kura uchaguzi ukikaribia, na yule kijana wa daftari aende akasome.

Wako mtiifu,
Mama wa genge, Temeke
Majeruhi wa Machi 21, 2021