Risala ya kina mama wa sokoni kwa mgeni rasmi, Wiki ya Unyonyeshaji

Mheshimiwa mgeni rasmi mama yetu, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa soko, manesi wetu wa zahanati, kina mama wenzangu na kina baba mliofunga biashara mkaja, itifaki imezingatiwa, asubuhi njema.

Kwanza tunamshukuru Mungu, pili tunakushukuru wewe mama kwa kukubali mwaliko wetu, maana tunajua ratiba yako imejaa na hii wiki ya kwanza ya Agosti kila mtu anakuhitaji. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Kikundi chetu kilianza 2016 tukiwa kina mama 11 wa mstari wa ndizi, tunachanga buku kila Jumamosi, leo tuko 58. Mafanikio ni makubwa mno na hatujaona soko lingine wilaya hii lililotufikia: tuna viti vya plastiki 30, tuna hili turubai mlilokalia chini yake, mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 4 ya mapato yake inayotengewa wanawake, tuliuchukua tukaumaliza kabla ya muda na risiti zote zipo, na wenzetu wawili wamepata semina ya unyonyeshaji, ndio wanaotembea meza kwa meza kutufundisha. Toka waanze, kina mama 23 hapa sokoni wamefikisha miezi sita bila kumpa mtoto uji wala maji. Mheshimiwa, hayo kwetu ni mapinduzi.

Na tumeelewa vizuri kwa nini. Mtoto anawekwa kwenye ziwa ndani ya lisaa la kwanza, anapata yale maziwa ya njano ambayo bibi zetu wengine walikuwa wanasema machafu yakamuliwe yamwagwe, kumbe ndiyo kinga yake ya kwanza. Miezi sita maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, hata na joto hili, kwa sababu maji yamo humo humo kwenye maziwa, baada ya hapo chakula kinaanza na ziwa linaendelea mpaka miaka miwili na zaidi. Anayenyonya hivyo kuharisha kunapungua, nimonia inapungua. Na mama naye anapona, mtoto akinyonya kizazi kinajikaza kinarudi na damu ya uzazi inapungua, hatari ya saratani ya matiti na ya ovari inashuka. Hili la mama huwa halisemwi sana, watu wanadhani faida yote ni ya mtoto.

Sasa mama, tunasikia takwimu za 2022 zinasema watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya tu hapa Tanzania ni asilimia 64, na kwenye vikao tunaambiwa waliobaki ni kwa sababu mama hana elimu. Kwa heshima kubwa tunaomba kusema elimu tunayo, mahali pa kunyonyeshea ndio hatuna.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za uzazi kwa malipo, na akirudi kazini aruhusiwe mpaka masaa mawili kwa siku kunyonyesha. Ni sheria nzuri kabisa. Ila sisi nani atatupa hizo siku? Mwajiri wetu ni meza. Arobaini ikiisha tu mtu yuko hapa saa kumi na moja alfajiri anagombania matenga ya nyanya, mtoto kabaki na bibi yake.

Ngoja tukueleze la mwenzetu mmoja, jina tunalihifadhi. Mtoto alikuwa na miezi mitatu, anakuja naye. Anageuza tenga anakalia nyuma ya meza, anajifunika khanga, mtoto ndio kwanza ameshika ziwa, toroli la kabichi linapita limeita pisha pisha, mteja anauliza fungu shingapi, mtoto anashtuka anaachia analia, na vumbi lote linaingia chini ya khanga. Wiki mbili tu akachoka, akamwacha nyumbani. Ikifika saa nne maziwa yamejaa, ziwa limekuwa gumu kama jiwe, gauni limelowa mbele mpaka anajifunga kitenge kwa aibu. Akawa anaenda choo cha soko, analipa mia mbili, anakamua humo ndani amesimama, anayamwaga kwenye tundu. Mama yetu, chakula cha mtoto kinamwagwa chooni na huku nyumbani mtoto anakorogewa uji! Na ziwa lisiponyonywa wala kukamuliwa linapunguza maziwa lenyewe, mtoto anafika miezi minne yakawa yamekata. Huyo dada amekaa hapa hapa mbele yako leo, na elimu anayo yote.

Ndio maana ombi letu ni moja tu. Nyuma ya bucha kuna stoo ya soko, mita 3 kwa 4, ndani kuna mafagio mabovu na toroli lililovunjika. Tunaiomba iwe chumba cha kunyonyeshea na kukamulia.

Mheshimiwa, ombi hili si jipya, na tunalisema bila kumlaumu mtu. 2019 mgeni rasmi wetu wa mwaka huo alituahidi hapa hapa, tukapiga vigelegele, tukampa zawadi ya kuku na kitenge. 2022 akaja mwingine na fundi, wakapima kwa tepu, wakaandika kwa chaki ukutani MLANGO HAPA. Ile chaki ipo mpaka leo, kina mama waliokuwa na mimba siku ile watoto wao wameshaanza chekechea. Tuliandika barua tatu, nakala zipo, jibu tulilopata kwa mdomo ni kwamba bajeti inashughulikiwa.

Safari hii hatujaja mikono mitupu. Fundi ametupigia hesabu, mlango wenye komeo, dirisha la wavu, sakafu, rangi, sinki, soketi moja, friji ndogo na viti vinne jumla shilingi milioni 2 na elfu 850. Friji tunaitaka kwa sababu maziwa yaliyokamuliwa yanakaa masaa kama manne tu nje, na kwa joto la hapa hatuthubutu kufika huko, ila kwenye friji yanakaa mpaka siku nne, mama anaondoka nayo jioni, kesho yake mtoto anakunywa kwa kikombe. Sisi tumeshachanga shilingi elfu 412, usafi tutafanya wenyewe kwa zamu, umeme tutalipa. Tunachoomba kwako ni kibali cha stoo kwa maandishi na hicho kiasi kilichobaki.

Na kama itakupendeza mama, kabla ya chakula tunaomba utembee na sisi hatua chache uione hiyo stoo, ufunguo mwenyekiti wa soko anao, halafu kwenye daftari la wageni ukishasaini tunaomba utuandikie na tarehe, sio ya leo, ile ya kuanza kazi. Kalamu ipo.

Tunaomba kuwasilisha.
Katibu, kwa niaba ya kina mama wa soko.