Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyeniambia nisubiri Sudan itulie

Mheshimiwa,

Heshima kwako. Mimi ni yule mama wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, niliyekuja ofisini kwako Jumanne na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho cha chuo cha mwanangu, kimepasuka pembeni, na risiti zake za ada kutoka Khartoum. Ukavisogeza kwa ncha ya kalamu: "Mama, subiri Sudan ipate serikali ya kiraia, matokeo yataletwa."

Basi nimekaa juu ya gunia nikaihesabu hiyo subira. Rais Bashir wa Sudan aliangushwa Aprili 11, 2019. Agosti wanajeshi na raia wakatia saini waraka wa katiba: mpito wa miezi 39, wanajeshi waongoze baraza miezi 21, kisha raia 18. Zamu ya raia ilipokaribia, Oktoba 25, 2021, Jenerali Burhan, mkuu wa jeshi, akamweka Waziri Mkuu Hamdok kizuizini. Intaneti ikazimwa, nami nikalala na simu kifuani. Aprili 15, 2023, Burhan na Hemedti, mkuu wa kikosi cha RSF, waliopindua pamoja, wakageuziana bunduki. Eti waligombania wapiganaji wa RSF waingizwe jeshini lini. Mimi nasema ni dhahabu. Jirani wa Geita, kwenye migodi ya dhahabu, hafundishwi hayo. Na jeshi lenye makampuni yake, likarudi kambini kufuata nini?

Hao ndio unaoniambia niwasubiri. Hata mwezi wa huku ziwani una adabu kuwashinda: ukiangaza, wavuvi wa dagaa wanazima taa, lakini siku ya kurudi majini wanaijua. Wewe umenipa siku gani?

Mwanangu alirudi na begi la mgongoni na kandambili. Alikuwa anasomea udaktari. Leo anapakia magunia kwenye malori ya Congo, mgongo unanuka dagaa mpaka kwenye shuka. Wiki iliyopita chuo kingine kimemkataa, cha tatu hicho. Ulipowapokea wanafunzi waliorudi kutoka Sudan ulisema hakuna atakayeachwa. Nilipiga makofi, Mheshimiwa. Viganja vinaniwasha hadi leo.

Sikuombi umwondoe Burhan. Naomba mwanangu apewe mtihani, apimwe anachokijua. Arudishwe hata mwaka wa kwanza, sawa, lakini apimwe. Mtihani tu. Wa kuandika, wa mdomo, wowote.

Jumanne nakuja tena, na bahasha ileile.

Mama wa dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza