Mwanga wa kijani si ushahidi wa sumu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako kuhusu ukurasa wa afya wa wiki jana. Mlichapa picha ya seli zinazong'aa kijani, mkaandika kuwa mwanga huo ni "sumu ya oksijeni" na kwamba kila mtu ameze vidonge vya kuizima. Nafundisha kemia hapa Lamu, na wanafunzi wangu waliusoma kabla yangu.

Seli hizo hazing'ai zenyewe. Kinachong'aa ni kemikali iliyotiwa ndani yake kutafuta peroksaidi ya haidrojeni na jamaa zake, yaani hizo kemikali za oksijeni mlizoziita sumu. Ile ya zamani, dikloroflorosini, huwashwa na mambo chungu nzima: chuma, vimeng'enya, hata taa ya hadubini yenyewe. Ukiona kijani, bado hujajua nani amekiwasha! Ndiyo maana mwaka 2004 kundi la Christopher Chang, kule Berkeley, Marekani, lilitangaza kemikali yenye boroni: imezibwa isiwake, na peroksaidi ndiyo inayokuja kuuondoa mzibo.

Tena, peroksaidi hiyo ni ujumbe. Mwaka 2009 watafiti walikata ncha ya mkia wa samaki wachanga wa aina ya pundamilia, waliokuwa na protini inayobadili mng'ao ikikutana nayo. Peroksaidi ilipanda ukingoni mwa jeraha dakika chache tu baadaye, chembe nyeupe za damu zikiwa bado hazijafika. Kimeng'enya kinachoizalisha kilipozuiwa, chembe zilizokuja zilipungua sana. Sasa huo wito nao tuuzime kwa vidonge?

Kijana mmoja wa Matondoni, aliyekatwa na chaza unyayoni, aliniuliza: "Mwalimu, basi ile dawa ya povu niliyotiwa zahanati ni sumu?" Nikamweleza kuwa dawa hiyo ni peroksaidi ileile, ila ya chupani, ya asilimia 3, ni kali mara maelfu kuliko ile ambayo seli hutumiana. Kiasi ndicho kinachoamua.

Na vidonge si vya kuchezea. Huko Ufini, matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha wanaume wavutaji sigara waliopewa beta-karotini, mojawapo ya vidonge vya kuzima hizo kemikali za oksijeni, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Naomba mchape masahihisho ukurasa uleule. Na mkiletewa tena picha kama ile, mwulizeni mwenyewe ametumia kemikali gani, na ametofautishaje peroksaidi na vingine vinavyoiwasha.

Mwalimu wa kemia,
Langoni, Lamu