Kabla hamjanunua diski mpya, angalieni kwanza saa ya seva

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Nadhani kila msomaji wako ameshakaa foleni akaambiwa "mtandao uko chini", sasa mi ndo niko upande wa pili wa hilo dirisha, natunza seva, na nasema wazi kwamba mara nyingi mtandao hauna kosa, diski ndo zimezidiwa, ila hakuna anayejua manake grafu za diski ziko tupu na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kuna ofisi niliitwa, kila siku ikifika saa nne asubuhi sistimu inakuwa nzito, wazee na kina mama wanasimama na vikaratasi vyao mpaka saa sita. Wana hosti tatu za VMware, yaani seva halisi zinazobeba ndani yake kompyuta za kiprogramu (ndo mashine pepe), na mashine pepe yenye database iko kwenye moja wapo. Ukifungua vCenter, programu inayosimamia hosti zote na kuchora grafu zake, hosti mbili zinachora vizuri, ile yenye database inaandika tu kwamba data haipo. Na wakubwa walishaanza kuandaa bajeti ya storeji mpya, yaani diski za kuhifadhia data, hela nyingi, wakati hakuna hata kipimo kimoja mezani! Hilo liliniuma sana.

Kumbe umeme ulikatika, ile hosti ikawaka saa yake ikiwa nyuma zaidi ya lisaa limoja, na NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao, haikuwashwa. vCenter inapanga vipimo kwa muda, hosti ikiwa na saa yake peke yake vipimo havionekani. Tuliweka NTP, tukahakikisha poti 123 ya UDP, njia ambayo NTP inapitia, haijazibwa kwenye faiwoli, grafu zikarudi. Mafundi wenzangu, msirukishe saa ya hosti mchana watu wako kazini, mashine pepe inaweza kuvuta saa ya hosti wakati wa snapshoti (kupiga nakala ya hali yake) au ikihamishiwa hosti nyingine, hata kama umezima kusawazisha saa, na database ikirushwa muda mtalia.

Na grafu zikiwa tupu bado unaweza kuingia kwenye hosti yenyewe ukapiga esxtop, amri inayoonyesha vipimo papo hapo, haipiti vCenter. DAVG ni muda storeji inaochukua kujibu, KAVG ni muda unaopotelea ndani ya hosti, jumla yake ni GAVG, ndo mashine pepe inachokisikia. DAVG ikikaa juu ya milisekunde 25 tayari ni ya kutia wasiwasi, pale ilikuwa inapita 40 na KAVG karibu sifuri. Kwa hiyo storeji kweli ilielemewa, lakini na nini? Na bakapu, ile kazi ya kunakili data kwa usalama. Aliyeipanga aliambiwa saa nne usiku akaandika 10:00 badala ya 22:00, na logi za ESXi (programu inayoendesha hosti) zinatumia UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa masaa matatu, kwa hiyo ilionekana kama kazi ya 07:00, kila aliyetafuta 10:00 hakuona kitu.

Kuna sababu zingine pia za grafu kuwa tupu. Vipimo vya kila sekunde 20 vinakaa kama lisaa limoja tu, baada ya hapo unabaki na wastani wa dakika 5 kwa siku moja, halafu dakika 30 kwa wiki, na kwenye levo 1 ya kukusanya vipimo, ambayo ndo vCenter inakuja nayo, vipimo vingi vya diski moja moja havihifadhiwi kabisa. Pandisha levo siku chache za uchunguzi kisha urudishe, la sivyo database ya vCenter inavimba. Kama unatumia NFS, yaani storeji ya mafaili kupitia mtandao, grafu ya Disk kuwa tupu sio ubovu, angalia ya Datastore au Virtual Disk. Ndani ya Windows Server 2016 Task Manager, dirisha la kuangalia matumizi ya kompyuta, haionyeshi diski mpaka upige amri ya diskperf -y ukiwa admin, kisha uifungue upya.

Ninachoomba kwa wakurugenzi na maafisa manunuzi, kabla hujasaini mwambie fundi akuletee grafu ya diski ya saa ile ile foleni inapojaa, akisema haipo mpe wiki moja aipate, hela hizo ni za wananchi hao hao waliosimama dirishani.

Ile ofisi haikununua kitu, bakapu ilihamishiwa 22:00, na saa nne asubuhi foleni inatembea.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa seva, Dodoma