Wanafunzi wa IT wafundishwe utafiti unaoendana na kazi yao

Mhariri, naomba nafasi kidogo nizungumzie somo la mbinu za utafiti kwa sisi tunaosoma masta ya teknolojia ya habari, maana watu wanakwama kwenye tasnifu mpaka wanaacha chuo na chanzo kinajulikana kabisa.

Hilo somo tunalisoma mwanzoni, kwetu tulichanganywa darasa moja na watu wa biashara na utawala, mnapewa aina za sampuli, hojaji, tofauti ya utafiti wa takwimu na wa maelezo, mnafanya mtihani mnafaulu. Sasa ikifika muda wa proposali mtu kichwani ana mfumo anataka kuujenga, tuseme app ya kufuatilia chanjo za watoto zahanati, au modeli ya kompyuta ya kutambua ugonjwa wa mihogo kwa picha ya simu, na hajawahi kuambiwa kwamba kujenga kitu nako ni utafiti kamili ukifuata taratibu zake. Anaulizwa "methodolojia yako ni ipi?" anakosa jibu, basi anaitupa ile app anaenda kuandika "mambo yanayochangia watu kukubali mfumo fulani" kwa sababu hojaji ndiyo aliyofundishwa.

Na hapo ndipo inapoingia ile modeli ya TAM ya Fred Davis ya mwaka 1989, yaani nadharia ya kwa nini watu wanakubali teknolojia, kila mtu TAM, TAM, TAM. Sina ugomvi nayo, ni kazi nzuri na imedumu, ila Davis aliwapima wafanyakazi wa IBM kule Canada na wanafunzi wa MBA wa Boston, akauliza kama mtu anaona programu ina faida na kama ni rahisi kutumia, kwa vitu kama barua pepe ambavyo mtu angeweza kutumia au kuacha. Sasa mwenzetu anachukua maswali yale yale anamuuliza mwananchi kama ana nia ya kulipia huduma za serikali kwa kontrol namba! Kontrol namba si hiari, bila hiyo hupati huduma, kwahiyo hiyo nia unayoipima ni ya nini? Venkatesh na wenzake mwaka 2003 waliliona jambo hili la hiari na lazima wakaliingiza kwenye modeli yao ya UTAUT, iliyounganisha TAM na nadharia nyingine za aina hiyo, lakini watu wananakili mishale ya mchoro tu bila kusoma hapo.

Kingine ni namba 384. Ukifungua tasnifu nyingi utaikuta, inatoka kwenye jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la 1970 kwamba ukiwa na watu milioni moja sampuli ni 384. Sawa, lakini lile jedwali linafanya kazi kama kila mtu kwenye hao milioni moja alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, si link ya Google Forms inayorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya ndugu na wafanyakazi wenzako mpaka namba itimie. Hiyo hata ukipata elfu mbili haiwakilishi Watanzania, inawakilisha waliokuwepo kwenye hayo magrupu na waliokuwa na bando siku hiyo.

Wakati huo huo njia inayotufaa ipo miaka yote. Hevner na wenzake waliandika mwaka 2004 kwenye jarida la MIS Quarterly namna ya kufanya utafiti kwa kusanifu na kujenga, Peffers na wenzake 2007 wakaipanga hatua sita: unabaini tatizo, unasema suluhisho lifikie nini, unalijenga, unalionyesha likifanya kazi, unalipima, halafu unawaeleza wengine. Ile ya kupima ndiyo inatushinda sana, mtu anajenga mfumo miezi na miezi, tathmini anaandika "watumiaji kumi waliupenda". Kuupenda si kipimo. Nesi alikuwa anatumia dakika ngapi kumtafuta mtoto aliyekosa chanjo kwenye daftari na sasa anatumia ngapi, anakosea mara ngapi, mtandao ukikatika inakuwaje, hivyo ndivyo vitu vya kutuonyesha.

Kwa wale wa akili mnemba hali ni ngumu zaidi maana namba zinadanganya vizuri. Chukua zile picha za majani ya mihogo za Uganda, zilizopigwa zaidi na wakulima na kutambuliwa na wataalamu wa NaCRRI, taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda, pamoja na maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere, zikawekwa Kaggle, tovuti ya mashindano ya data, mwaka 2020. Ziko zaidi ya 21,000 na katika hizo zaidi ya 13,000 ni za ugonjwa wa batobato, yaani modeli isiyojua chochote ikijibu "batobato" kila picha inapata usahihi wa karibu asilimia 61. Kwahiyo mwanafunzi akija na asilimia 75 anashangilia, na hakuna aliyemwambia aangalie kila ugonjwa peke yake, ahesabu picha ngapi za ugonjwa wa michirizi kahawia zimempita, au ahakikishe picha za shamba moja hazijagawanyika huku kwenye kufundishia modeli na kule kwenye kuipimia. Haya ni mambo ya mbinu za utafiti kabisa, sasa kama hayafundishwi kwenye hilo somo yatafundishwa wapi?

Ombi langu kwa idara za IT ni kwamba somo hili lifundishwe na watu wa fani wenyewe, na kazi ya darasa iwe proposali ya mwanafunzi mwenyewe tangu wiki za mwanzo, si mtihani wa kukariri. Tupewe tasnifu zilizopita tuzichambue, tuambiwe wazi hapa pamekosewa hapa pako sawa. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iingizwe humo, maana watu wanabeba data za wagonjwa kwenye flashi kama nyimbo, wakati ni taarifa nyeti kisheria.

Wasimamizi nao, mwanafunzi akija na wazo la kujenga kitu msimgeuze kuwa wa hojaji kwa sababu ndiyo mliyoizoea, mkabidhini hata kwa mwenzenu anayeijua hiyo njia.

Mwanafunzi wa uzamili,
Dar es Salaam